Kamshafti isiyojulikana ndani ya Datsun 1600: nisaidieni kuitambua (Malindi)

Mwana wa Barani

Assalaam alaykum wadau, na hamjambo nyote wa pwani na wa bara.

Nina Datsun 1600 SSS, ile tunayoiita 510, yenye injini ya L16. Nililinunua kwa Mtaliano mmoja wa Watamu aliyekuwa akifunga nyumba arudi kwao. Bodi ilikuwa imeliwa na hewa ya chumvi kama magari yote ya huku kwetu, lakini injini ilikuwa na mngurumo ambao sijawahi kuusikia kwa Datsun yoyote hapa Malindi. Aliniambia injini ilifanyiwa kazi na gereji moja ya Mombasa, jina naliacha. Akanipa funguo na risiti ya betri. Karatasi za injini hakuna hata moja.

Tabia zake ni hizi. Likisimama linatetemeka, na nikishusha sailensa, yaani mwendo wa injini gari likiwa limesimama, chini ya mizunguko 1,100 kwa dakika linazima. Kutoka mjini hadi daraja la Sabaki ni kama linavuta mkokoteni wa mchanga. Likifika mizunguko 3,500 linaamka ghafla na kukusukuma kwenye kiti. Vakyumu geji, kile kipimo cha mvuto wa hewa ndani ya injini, inaonyesha inchi 11 na sindano inacheza, ilhali Datsun ya jirani yenye injini kama hii ya kiwandani inakaa 18, sindano imetulia. Halafu chini ya kifuniko cha valvu kuna tak-tak-tak isiyokwisha, hata nikirekebisha tapeti, ule mwanya mdogo wa valvu, asubuhi na jioni.

Jana baada ya Alasiri nilifungua kifuniko. Mwishoni mwa kamshafti, ile shafti inayofungua valvu, upande wa nyuma, kuna herufi moja ya kiwandani iliyofifia. Chini yake mtu amechora kwa mkono, kwa kalamu ya umeme ya kuandikia chuma: 286. Nimetafuta namba hiyo katika orodha za spea za Datsun, sikuiona.

Ninayo sababu ya kutaka kujua. Nataka kununua springi mpya za valvu, na springi huchaguliwa kwa kufuata kamshafti. Nikikosea, naweza kuvunja kitu ambacho sitakipata tena. Ni kamshafti gani hii?

Dereva wa Gongoni

Mkuu, kwa unavyoeleza hiyo sauti, hiyo ni kamshafti ya mbio za Safari moja kwa moja. Kutetemeka likisimama na kuamka juu, ndiyo zenyewe. Umeokota dhahabu.

Ami Spana

Waalaykum salaam, mwanangu. Niko Mombasa, injini hizi nimezifungua tangu nikiwa mwanafunzi wa gereji.

Nianze na hili la Safari. Mwaka 1970 Datsun 1600 SSS ilishinda mbio za magari za Safari ya Afrika Mashariki, Edgar Herrmann akiendesha na Hans Schüller akimsomea njia. Baadaye Shekhar Mehta akashinda mara 4 mfululizo kwa Datsun, 1979 hadi 1982. Tangu hapo kila Datsun kuukuu inayotetemeka pwani hii husemwa ina kamshafti ya Safari. Nimeletewa nyingi za namna hiyo. Nyingine ilikuwa kabureta imelegea tu, nyingine taimingi ya plagi imerudi nyuma, na moja ilikuwa na valvu iliyoungua. Zote zilitetemeka. Sauti haikupi jina la kamshafti.

Sasa tazama nundu zenyewe, yale mavimbe ya kamshafti yanayosukuma valvu. Kamshafti iliyotengenezwa mpya na iliyosagwa upya kutoka ya kiwandani hazifanani. Anayesaga upya hawezi kuongeza chuma juu ya pua ya nundu, kwa hiyo hukata upande wa pili, ule wa mviringo. Nundu inabaki na urefu uleule au pungufu kidogo, lakini mviringo unakuwa mdogo, na tofauti baina ya viwili hivyo ndiyo mnyanyuo. Hiyo herufi ya kiwandani yaniambia chuma ni cha Nissan, watengenezaji wa Datsun. Hiyo 286 iliyochorwa kwa mkono yaniambia kuna mtu aliipitisha kwenye mashine baadaye. Azima kamshafti ya asili, pima zote mbili kwa kalipa, utuletee namba.

Na nakuusia jambo moja kabla hujagusa gia ya cheni inayoizungusha kamshafti. Injini ya L ina kikaza cheni kule chini, kinasukumwa na springi. Ukiitoa gia ya juu bila kuikazia cheni, kikaza kinaruka nje, na hapo utalazimika kufungua kifuniko chote cha mbele. Chonga kabari ndefu ya mbao, ishindilie katikati ya cheni kutoka juu, uifunge kamba ili uweze kuivuta. Pia usizilegeze zile nguzo zinazoibeba kamshafti. Zilitobolewa pamoja kiwandani zikiwa zimefungwa kwenye hedi, kichwa cha injini. Ukizitoa hazirudi sawa. Kamshafti inatoka kwa mbele, taratibu. Kila roka, ule mkono mdogo unaosukumwa na nundu ukafungua valvu, iandike namba yake, maana roka na nundu yake zimeshasagana, hazibadilishwi.

Mwana wa Barani

Ahsante sana, Ami. Kabari nimechongewa na fundi seremala wa hapa Shela kwa kipande cha mbambakofi alichobakiwa nacho kwenye fremu ya mlango. Imeingia ikabana mpaka nikaogopa kuwa haitatoka.

Kamshafti ya asili nimeazima kwa jirani mwingine, injini yake iko chini ya mwembe. Nimepima kila nundu mara tatu, nikiwa nimezipangusa kwa petroli kwanza.

Ya asili: kutoka pua hadi mgongo 40.3 mm, mviringo 33.3. Mnyanyuo wa nundu ni 7.0.

Yangu: kutoka pua hadi mgongo 40.1, mviringo 32.3. Mnyanyuo wa nundu ni 7.8.

Ami ulivyosema ndivyo ilivyo. Kwa macho huoni tofauti, zimelala mezani kama mapacha. Ila ukipitisha kidole upande wa mviringo wa ile yangu unasikia kingo ndogo pale mashine ilipoishia.

Ami Spana

Basi imesagwa upya. Roka za injini ya L huzidisha kama mara 1.5. Ile ya jirani inafungua valvu 10.5 mm, ndiyo hesabu ya kiwandani ya SSS. Yako ni 7.8 mara 1.5, yaani 11.7. Ukitoa nafasi ya tapeti inabaki kama 11.4.

Mnyanyuo tumeupata, lakini ni nusu ya habari. Kamshafti mbili zaweza kuinua valvu sawasawa na zisifanane kabisa, kwa sababu moja inaifungua mapema na kuichelewesha kufunga. Bila digrii, yaani krankishafti (shafti kuu ya injini) inazunguka kiasi gani valvu ikiwa wazi, hatujaitambua.

Dereva wa Gongoni

Ami, si 286 ndiyo digrii zenyewe? Mbona tunahangaika?

Binti Gede

Kaka, inawezekana ndizo, lakini digrii 286 zilizohesabiwa kutoka wapi? Hapo ndipo watu wengi hupotea. Mimi nasomea uhandisi wa mitambo na jambo hili lilinisumbua sana mwanzo.

Valvu haifunguki kwa ghafla. Nundu ina mteremko mdogo mwanzoni ili roka isigonge, kisha ndipo inapanda. Mtengenezaji mmoja anaanza kuhesabu pale valvu inaposogea kidogo tu, mwingine anasubiri mpaka ifike 1 mm, na Wamarekani wamezoea inchi 0.050, ambayo ni 1.27 mm. Kamshafti ileile inaweza kuitwa 284 kwa kipimo cha kwanza na 246 kwa kipimo cha mwisho, na hakuna aliyedanganya. Ukilinganisha 286 ya mtu huyu na 250 ya orodha ya mtu yule, utachagua springi zisizofaa na utaseti vibaya.

Kwa hiyo pima mara mbili: valvu inapoanza tu kusogea, na inapofika 1.27 mm. Dayali geji, kile kipimo cha mshale cha kupimia msogeo mdogo, ikae kwenye kofia ya springi ya valvu, si kwenye nundu, halafu utuambie wazi kwamba umepimia kwenye valvu. Tapeti iwe imeshaseti kabla hujaanza.

Mwana wa Barani

Nimekuelewa, dada. Shida ni dayali geji. Nimeulizia Barani, Maweni na Kisumu Ndogo. Kuna anayo lakini imekwama, nyingine haina mguu wa sumaku.

Mtu wa Amu

Ndugu, mimi niko Amu. Magari huku kwetu si shughuli, lakini mashine za mashua tunazo za kutosha, na dayali geji ninayo nzima pamoja na mguu wake. Natumia kupimia shafti za mapangaboi. Kesho naivusha Mokowe niipakie basi la Malindi. Ukimaliza unirudishie, ndiyo ninayoilia.

Mwana wa Barani

Mola akulipe, ndugu yangu. Imefika salama.

Gurudumu la digrii sikulipata la kununua, nikalitengeneza kwa sinia la alumini la upana wa sentimita 36. Mzunguko wake unatoka kama sentimita 113, kwa hiyo digrii moja ni milimita tatu na kidogo, inasomeka vizuri kwa macho. Nilizigawa kwa bikari kwanza, 90, 30, 10, kisha nikajaza zilizobaki kwa msumari mkali. Kazi ya usiku mzima. Nilitoa rejeta, nikalifunga sinia kwa bolti ya mbele ya krankishafti, na kielekezi ni waya wa kutundikia nguo.

Kuitafuta topu, pale pistoni inapofika juu kabisa, sikuamini alama ya puli. Nilichukua plagi kuukuu, nikavunja kauri, nikachomelea bolti ipite katikati iwe kizuizi. Unageuza injini kwa mkono taratibu mpaka pistoni iguse bolti, unasoma. Unageuza upande wa pili mpaka iguse tena, unasoma. Upande mmoja nilipata 40, wa pili 34. Topu ya kweli iko katikati, kwa hiyo sifuri yangu ilikuwa imekosea kwa digrii 3. Nikakunja waya, nikarudia, ikatoka 37 na 37.

Haya, namba zenyewe. Silinda ya kwanza, kwenye valvu, kwa 1.27 mm:

Valvu ya kuingiza inafunguka digrii 13 kabla ya topu, inafunga 53 baada ya pistoni kufika chini kabisa.
Valvu ya kutoa inafunguka 49 kabla ya chini kabisa, inafunga 17 baada ya topu.

Valvu inapoanza tu kusogea, 0.1 mm, muda wote ni digrii 284 kwa zote mbili. Mnyanyuo wa juu kabisa nimesoma 11.4.

Nilirudia mara nne. Nilikuwa nageuza upande mmoja tu daima, maana nikirudisha nyuma cheni inalegea na namba zinaruka.

Binti Gede

Mashallah, kaka, hiyo ni kazi safi.

Tuhesabu pamoja. Ya kuingiza: 13 na 180 na 53 ni 246. Ya kutoa: 49 na 180 na 17 ni 246 vilevile. Nundu zote zimesagwa kwa umbo moja.

Katikati ya nundu ya kuingiza: nusu ya 246 ni 123, toa 13, ni digrii 110 baada ya topu. Ya kutoa: 123 toa 17, ni 106 kabla ya topu. Jumla ya hizo gawa kwa mbili ni 108. Hiyo 108 ndiyo nafasi baina ya nundu mbili, imechongwa ndani ya chuma, huwezi kuibadilisha. Lakini 110 na 106 zinategemea ulivyofunga gia.

Na 286 iliyoandikwa nyuma sasa inaeleweka. Wewe umepata 284 kwa sinia la nyumbani, tofauti ya digrii 2. Aliyeisaga aliandika muda wa valvu tangu inapoanza kusogea. Hiyo ndiyo kamshafti yako: 286, mnyanyuo 11.7, nafasi ya 108. Ya barabarani yenye haraka. Ya mbio kamili ingekuwa na digrii nyingi zaidi ya hapo.

Dereva wa Gongoni

Kwa hiyo jina lake?

Ami Spana

Jina ni hizo namba, mwanangu. Ukimpelekea msagaji yeyote namba hizo atakutolea pacha wake bila kukuuliza nani aliitengeneza. Ungempelekea jina bila namba asingekuwa na la kukusaidia.

Sasa nina mawili kwako, Mwana wa Barani. Tazama gia ya juu ya cheni, ina matundu matatu yaliyoandikwa 1, 2, 3. Kila tundu linaitanguliza kamshafti digrii 4 za krankishafti. Nabashiri uko tundu la 1, na cheni yako imetanuka kwa uzee. Ndiyo maana ya kuingiza inachelewa kufunga, na hewa inarudishwa kwenye kabureta ukiwa mizunguko ya chini. Huo ndio mkokoteni wako wa mchanga.

La pili linanitia wasiwasi zaidi. Mviringo umepungua 1 mm, yaani nusu milimita kila upande, na roka imepanda juu kwa kiasi hicho. Je, aliyeifunga alibadilisha pedi zile ndogo zinazokaa juu ya valvu? Paka wino wa maka kwenye uso wa kila roka, geuza injini mizunguko miwili kwa mkono, itoe roka, utazame nundu imepangusa wapi.

Mwana wa Barani

Ami, mikono inanitetemeka nikiandika.

Nilipaka wino wa buluu roka zote nane. Nundu inapaswa kupangusa katikati ya uso wa roka na kuacha kingo mbili za wino. Zangu zote zimepangusa mpaka ukingoni kabisa, upande mmoja hakuna wino uliobaki hata nywele. Roka ya sita ukingo wake umemeguka, kipande cha ukubwa wa punje ya mchele. Nilikikuta kipande chenyewe kimelala kwenye kijia cha oili karibu na nguzo ya nyuma. Pedi ni zilezile za kiwandani, nyembamba, zote.

Hiyo ndiyo tak-tak-tak. Nimekuwa nikirekebisha tapeti mwaka mzima juu ya kitu ambacho hakirekebishiki kwa tapeti. Kila nilipokwenda Mambrui na kurudi nilikuwa naisaga kamshafti yangu mwenyewe. Yule aliyeisaga nundu alifanya kazi nzuri sana, halafu aliyeifunga akaacha kuagiza vipande vinane vidogo vya chuma. Nimeumia.

Mjukuu wa Fundi

Pole mkuu. Kwa ushauri wangu, rudisha kamshafti ya asili ya jirani, upumzike. Malindi hakuna barabara ya mizunguko 6,000.

Mwana wa Barani

Nimekusikia ndugu, na si ushauri mbaya. Lakini nundu nimezitazama kwa kioo cha kukuzia juani, hazijakwaruzika. Iliyoumia ni roka moja. Sioni haki ya kuitupa kamshafti nzima kwa kosa la pedi.

Ami Spana

Usiitupe. Tafuta roka nyingine ya sita, ipelekwe pamoja na zile saba zikasuguliwe uso kwenye mashine. Pedi anza na zilizozidi unene kwa nusu milimita, jaribu kwa wino, halafu ongeza kidogokidogo. Usizinunue zote nane mpaka moja ikubali.

Ukihamia tundu la 2, valvu ya kuingiza itakuwa karibu zaidi na pistoni. Pima kwanza. Silinda ya kwanza ikiwa topu, weka springi laini badala ya ile ngumu. Valvu haiwezi kudondoka kwa sababu pistoni iko chini yake. Geuza mpaka digrii 10 baada ya topu, ibonyeze valvu kwa kidole mpaka iguse pistoni, usome. Chini ya 2 mm, usiendelee. Na springi mpya, kamshafti ikiwa imeinua mpaka mwisho, lazima fila, kile kibati chembamba cha kupimia mwanya, ipite baina ya koili. Zikigusana zitavunjika.

Mwana wa Barani

Wadau, samahani kwa kimya. Pedi zilichukua wiki tatu kufika.

Nusu milimita haikutosha, wino ulibaki uzi tu. Zilizokubali ni zile za unene wa 0.7 zaidi. Sasa alama inakaa katikati, buluu kushoto na buluu kulia, roka zote nane. Nilizipanga mezani nikamwita mama aje azione.

Pistoni na valvu: 2.8 mm zimebaki. Springi: fila ya 0.5 inapita kila koili. Nikahamia tundu la 2, nikapima tena kwa sinia: kuingiza 17 na 49, kutoa 53 na 13. Katikati ya nundu ya kuingiza sasa ni 106. Tapeti nimeseti injini ikiwa moto, 0.25 kuingiza na 0.30 kutoa. Bomba la kunyunyizia oili nimelizibua kwa waya, matundu mawili yalikuwa yameziba. Oili nimetia ile yenye zinki, halafu nikaiwasha moja kwa moja nikaiacha mizunguko 2,000 kwa dakika 20 bila kuishusha, nundu na roka zizoeane.

Sailensa imekubali 900. Bado inatetemeka kidogo, na najua ni haki yake. Vakyumu imepanda hadi 14. Tak-tak imekwisha; kinachosikika ni ule mlio mwembamba wa roka zote kwa pamoja, kama cherehani.

Leo alfajiri nililipeleka Gongoni. Daraja la Sabaki nililipita kwa gia ya nne, mizunguko 2,200, likavuta bila kulalamika. Baada ya Mambrui barabara ilikuwa tupu, nikalifungulia mpaka 5,500.

Ami, cheni mpya nimeagiza kama ulivyoniambia. Dada Binti Gede, namba zako nimezichora kwenye bati dogo nikaliribiti juu ya kifuniko cha valvu: 286, 11.7, 108, pedi 0.7 zaidi, tundu 2. Atakayekuja kulifungua baada yangu ataanzia hapo.

Mtu wa Amu, dayali geji yako nimeipangusa, nimeifunga ndani ya kanga na kuitia kwenye kasha la mbao. Iko kwenye basi la saa moja asubuhi. Dereva nimemwambia asimpe mtu mwingine pale Mokowe isipokuwa wewe.